Wadudu wa Kale katika Kaharabu na Sandarusi

Msomaji, kabla hatujaingia katika habari yenyewe yafaa tutenganishe maneno matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ambari, yaani kile kitu cha kunukia kitokacho tumboni mwa nyangumi, ambacho mawimbi hukitupa ufukoni na wenye bahati hukiokota. La pili ni kaharabu, jiwe jepesi la rangi ya asali lifanywalo shanga na tasbihi. Hilo si jiwe hasa, bali ni utomvu wa miti ya kale iliyokwisha kutoweka duniani. La tatu ni sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa katika ardhi ya pwani yetu, ufananao sana na kaharabu kwa sura. Waingereza walilichukua neno la Kiarabu lenye maana ya ambari wakaipa kaharabu jina hilo, na kwa hiyo mpaka leo vitabu vyao vina kazi ya kueleza kwamba jiwe lile halikutoka kwa nyangumi. Kiswahili hakina haja ya maelezo hayo. Neno kaharabu lenyewe limetoka katika Kiajemi, na maana yake ni kinyakua majani makavu; kwani ukilisugua jiwe hilo kwa kitambaa cha sufu, huvuta vipande vya majani makavu na manyoya. Wayunani nao waliliita kwa jina ambalo mnamo mwaka 1600 daktari wa Kiingereza, William Gilbert, alilitumia kwa nguvu hiyo ya kuvuta, na kwa njia hiyo lugha za Ulaya zikapata jina la umeme.

Lakini habari yetu si ya umeme. Ni habari ya viumbe walionaswa ndani ya jiwe hilo.

Mti ukijeruhiwa, kwa upepo au kwa mdudu atoboaye magome, hutoa utomvu ili kuziba jeraha. Wengi wenu mmeona jinsi watoto wanavyopaka ulimbo juu ya vijiti ili kunasa ndege. Utomvu wa mti hufanya kazi ile ile, ila haukutegwa na mtu. Sisimizi apandaye shina hukanyaga mahali penye kunata, akajaribu kuuvuta mguu mmoja, ukanasa wa pili. Buibui aonaye sisimizi akihangaika huja mbio kutafuta chakula, naye hunaswa papo hapo. Kisha utomvu mwingine huteremka ukawafunika wote wawili, yule aliyewinda na yule aliyewindwa. Baadaye donge huanguka, likafukiwa na mchanga au matope, mbali na hewa na jua. Huko chini mafuta mepesi yaliyomo hutoka polepole sana, na yale yabakiyo hushikamana yakawa magumu. Donge likiachwa juani huvunjikavunjika likawa vumbi, na ndiyo sababu misitu mingi ya kale iliyotoa utomvu haikutuachia kitu cho chote.

Mdudu aliyemo ndani mara nyingi ni ganda tu. Matumbo yamekauka, na penye nyama pana uwazi. Lakini ganda hilo lina kila kitu cha nje: manyoya ya miguu, vigae vya jicho, mishipa ya bawa. Mawe ya kawaida huhifadhi mifupa na makome vizuri, lakini kwa kiumbe laini kama mbu au buibui hayana msaada mkubwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya wadudu wadogo wa kale imetoka katika kaharabu.

Watu wa kale walilifahamu jambo hili mapema kuliko tunavyodhani. Mrumi aliyeitwa Plinio, ambaye alimaliza kitabu chake kikubwa cha elimu ya viumbe mnamo mwaka 77, alieleza kwamba kaharabu ni utomvu wa mti, na akatoa hoja mbili: jiwe likisuguliwa hunuka kama msonobari, na wadudu waonekanao ndani yake wasingaliweza kuingia kama lisingalikuwa maji maji hapo kwanza. Hizo ni hoja za mtu mwenye akili, na hata leo hazijapunguka nguvu. Huyo huyo Plinio alilalamika kwamba sanamu ndogo ya kaharabu iliuzwa Rumi kwa bei kubwa kuliko bei ya mtu mzima mwenye afya katika soko la watumwa. Yakumbuke maneno hayo, msomaji, maana tutarudi kwenye biashara.

Kaharabu ya Warumi ilitoka kaskazini, katika pwani ya Bahari ya Baltiki, na hadi leo pwani hiyo ndiyo yenye kaharabu nyingi kuliko zote. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 35 hadi 45. Hapo zamani watu waliiokota mchangani baada ya dhoruba, au wakaingia majini na nyavu kuivua kama samaki. Katika mji wa Danzig, ambao sasa huitwa Gdańsk, alikuwako daktari mmoja, Georg Karl Berendt, aliyetumia maisha yake kukusanya vipande vyenye wadudu ndani. Alifariki mwaka 1850 kabla ya kuimaliza kazi yake, lakini kitabu alichokitunga pamoja na mtaalamu wa buibui, Carl Ludwig Koch, kilitolewa mwaka 1854. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na buibui wa ajabu. Kichwa chake kimeinuliwa juu kama kwamba kina shingo, na taya zake ni ndefu kupita kiasi, zimening'inia mbele kama mdomo wa mwari. Hakuna mtu aliyewahi kumwona buibui wa namna hiyo akitembea. Wakampa jina Archaea, maana yake wa kale, wakadhani kwamba kabila lake lote lilikwisha kufa.

Miaka 27 ikapita. Mwaka 1881 kasisi wa Kiingereza aliyekuwa bingwa wa buibui, Octavius Pickard-Cambridge, alitangaza buibui aliyeletwa kutoka Madagaska. Alikuwa na shingo ile ile na taya zile zile! Kabila lililodhaniwa kufa miaka milioni 40 iliyopita lilikuwa likiishi katika misitu ng'ambo ya bahari yetu, na baadaye jamaa zake wakapatikana katika kusini mwa Afrika na Australia pia. Sasa tunajua na kazi ya taya zile ndefu. Buibui huyu hafumi utando wa kuwindia. Huwinda buibui wenzake. Humchoma adui kwa taya zake, kisha humshika mbali na mwili wake mpaka sumu imwue, ili yeye mwenyewe asiumwe. Kwa desturi mtaalamu humjua kwanza kiumbe aliye hai, ndipo akamtambua ndugu yake aliye jiweni. Hapa mambo yalipinduka: maiti alitangulia, na aliye hai akafuata.

Jambo kama hilo lilitokea tena karibu na siku zetu, na safari hii Afrika ya Mashariki ilikuwamo. Mwaka 2001 Mjerumani Oliver Zompro alieleza habari za mdudu wa kaharabu ya Baltiki aliyefanana kidogo na vunjajungu na kidogo na kijiti, lakini hakuwa wa ukoo wa ye yote kati ya hao wawili. Baada ya kupekua makabati ya makumbusho za Ulaya, wataalamu walikuta wadudu wawili wa namna hiyo waliohifadhiwa zamani bila kutambuliwa: mmoja alitoka Namibia, na mwingine alikamatwa Tanganyika mwaka 1950. Mwaka 2002 waliwakuta wakiwa hai katika mlima wa Brandberg, Namibia. Wadudu hao wakawekwa katika oda mpya ya peke yao, na oda mpya ya wadudu haikuwa imetangazwa tangu miaka ya vita vya kwanza vya dunia. Fikiri kwamba mdudu wa Tanganyika alilala kabatini nusu karne, akingojea mtu aliyekwisha kumwona ndugu yake katika jiwe la Baltiki.

Hata hivyo si kila kilichomo katika kaharabu ni cha kuaminiwa. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe mjini London kulikuwa na kipande cha kaharabu chenye nzi, kilichonunuliwa mwaka 1922 pamoja na vingine. Nzi huyo alifanana kabisa na nzi wa chooni wa siku hizi, na kwa sababu hiyo alikuwa mashuhuri: ikiwa kweli ni wa kale, basi nzi wa namna hiyo hakubadilika hata kidogo kwa miaka milioni 40. Mwaka 1966 Willi Hennig, aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa nzi duniani, alimchunguza akamkubali. Mwaka 1993 kijana aliyeitwa Andrew Ross alikuwa akikitazama kipande hicho kwa hadubini, na joto la taa likafanya ufa utokee kandokando ya nzi. Hapo siri ikafichuka. Mtu fulani, kabla ya mwaka 1850, alikikata kipande halisi cha kaharabu vipande viwili, akachimba shimo dogo, akamtia nzi wa siku zake, kisha akagandisha tena. Kipande kilikuwa cha kweli na nzi alikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa katika kuwakutanisha. Kwa nini aliyafanya hayo? Jibu ni fedha. Kipande chenye mdudu huuzwa ghali kuliko kitupu, na ndivyo ilivyokuwa tangu siku za Warumi.

Fedha hiyo imeleta mambo mazito zaidi ya udanganyifu. Katika jimbo la Kachin, kaskazini mwa Myanmar, nchi iliyoitwa Burma zamani, huchimbwa kaharabu yenye umri wa miaka milioni 99 hivi, yaani tangu siku za dinosaria. Mwaka 2015 mtaalamu wa Kichina, Xing Lida, alinunua kipande katika soko la mji wa Myitkyina. Muuzaji alidhani kwamba ndani mna jani. Kumbe ulikuwa mkia wa dinosaria mdogo, wenye mifupa na manyoya kama ya ndege, ya rangi ya hudhurungi juu na hafifu chini. Mwaka 2018 kikatangazwa kiumbe kingine kutoka huko huko, mwili wake haufiki milimita 3, mwenye viungo vya kutolea uzi kama buibui lakini tena mwenye mkia mrefu kama mjeledi. Buibui wa leo hawana mkia, na kiumbe huyu anatuonyesha jinsi jamaa zao wa kale walivyokuwa. Lakini machimbo hayo yamo katika nchi yenye vita. Mwaka 2017 jeshi la serikali liliyateka kutoka kwa wapiganaji wa Kachin, na wachimbaji hushuka katika mashimo membamba sana ambayo hayana usalama. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa wanyama wa kale wenye uti wa mgongo kiliwaomba wenye majarida wasimamishe kwa muda kuchapisha makala juu ya kaharabu iliyochimbwa huko baada ya jeshi kuingia. Wengine walikataa, wakasema kwamba elimu ikisimama vipande vitapotelea katika maduka ya vito. Jambo hili ni gumu, na mimi naona kwamba wote wawili wana sehemu ya haki. Lakini mtu asisifu mkia wa dinosaria huku amesahau mkono uliouchimba.

Na mikono ya kuchimba haikukosekana kwetu. Sasa tuje kwenye sandarusi.

Msandarusi ni mti wa pwani. Huota Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagaska. Sandarusi ilikuwa ya namna mbili. Ile mbichi, iliyotoka mtini au chini ya mti tu, iliitwa chakazi, na wafanyabiashara wa Kizungu wakalivuruga neno hilo hata likawa kama jina la Kiingereza la punda dume. Ile bora ilichimbwa ardhini, mara nyingi mahali pasipo na msandarusi hata mmoja, kwa kuwa msitu ulikwisha kutoweka zamani. Watu wa Mrima, nyuma ya Bagamoyo na Saadani hadi Rufiji, waliichimba kwa majembe katika mashimo yasiyo ya kina kirefu. Richard Burton aliyepita huko mwaka 1857 aliandika habari zake kwa kirefu. Wachimbaji waliiuza kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na hao wakaipeleka Unguja. Sandarusi ikioshwa na kuondolewa ganda la mchanga, uso wake huonekana una vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na vipele hivyo ndivyo vilivyokuwa alama ya sandarusi nzuri.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na jahazi za mji wa Salem zikawa zikija Unguja kwa wingi. Zilileta kitambaa kigumu cha pamba, ambacho mpaka leo twakiita merikani, zikachukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem kilijengwa kiwanda cha kuisafisha. Sandarusi iliyeyushwa pamoja na mafuta ikafanywa vanishi ngumu yenye kung'aa, ikapakwa juu ya magari ya farasi na meza za matajiri. Basi wadudu wengi wa pwani yetu waliishia katika vanishi hiyo! Vile vipande vyenye nyuki au buibui vilivyopendeza macho vilitengwa vikauzwa kwa wapenda vitu vya ajabu, na vingine vikafika katika makumbusho za Ulaya.

Je, wadudu hao wana umri gani? Waandishi wengi wa karne ya 19 waliiona sandarusi ya ardhini kuwa kitu cha kale mno, pengine kaka wa kaharabu. John Kirk, yule daktari Mskoti aliyekuja kuwa balozi wa Waingereza Unguja, ambaye jina lake mmelikuta katika habari za kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873, aliuchunguza mti wenyewe, akaonyesha kwamba sandarusi ya ardhini na ya mtini ni utomvu wa mti wa aina moja. Hilo lilikuwa dokezo kubwa, kwa maana mti wa miaka milioni 40 usingalikuwa ule ule. Jibu kamili lilikuja baada ya mwaka 1949, Willard Libby alipovumbua njia ya kupima umri kwa kaboni. Kwa kipimo hicho sandarusi nyingi ya pwani yetu imeonekana kuwa na umri wa mamia ya miaka, au maelfu machache tu.

Wako waliovunjika moyo kwa habari hiyo, hasa wauzaji walioiita kaharabu. Ukitaka kujua tofauti, tone moja la spiriti kali laweza kutosha: sandarusi hulainika na kunata, kaharabu hubaki kama ilivyo. Lakini mwanafunzi wa historia hana sababu ya kusikitika. Nyuki wadogo wasio na mwiba, ambao hukusanya utomvu ili kujengea mizinga yao na kwa hiyo hunaswa mara nyingi, mbawakawa watoboao magome, buibui wa shinani, hao wote ni orodha ya wakazi wa misitu ya pwani kabla haijakatwa. Hakuna aliyeiandika orodha hiyo wakati ule. Miti yenyewe iliiandika.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sandarusi ilisaidia kulipima. Mwaka 1993, mwaka ule ule filamu ya dinosaria waliofufuliwa kwa damu ya mbu wa kaharabu ilipoenea ulimwenguni, wataalamu fulani wa Marekani walitangaza kwamba wamepata vinasaba vya mdudu katika kaharabu ya Lebanoni yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 120. Mwaka 1997 wenzao wa London walirudia majaribio ya namna hiyo wasipate kitu. Yaelekea vile vya kwanza vilikuwa uchafu ulioingia katika maabara. Mwaka 2013 watu wa Chuo Kikuu cha Manchester waliwapima nyuki waliomo katika utomvu mgumu wa Kolombia, mmoja wa miaka 10,600 hivi na mwingine wa miaka isiyofika 60, na hata kwa huyu wa pili hawakupata vinasaba vya kuaminika. Mwaka 2020 hatimaye vilipatikana kwa mbawakawa walionaswa katika utomvu wa msandarusi wa Madagaska. Umri wa utomvu huo ulikuwa miaka 2 na miaka 6. Mtu akikuambia kwamba dinosaria atafufuliwa kutoka katika kaharabu, mwulize juu ya tofauti iliyopo kati ya miaka 6 na miaka milioni 66, ambayo ndiyo iliyopita tangu dinosaria wakubwa walipokwisha.

Na msandarusi wetu una ndugu wa mbali. Katika Jamhuri ya Dominika, kisiwani ng'ambo ya Atlantiki, huchimbwa kaharabu nzuri ya miaka milioni 15 hadi 20. Vipande vingine vina majani na maua ya mti uliotoa utomvu huo, na mwaka 1991 mti huo uliokwisha kutoweka ulipewa jina lake. Ulipolinganishwa na jamaa zake waliobaki duniani, ulionekana kufanana zaidi na msandarusi wa Afrika ya Mashariki kuliko miti ya Amerika iliyo karibu nao.

Msandarusi ungaliko Kenya. Ukienda katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, utaukuta katika sehemu ya msitu wenye miti mchanganyiko, pamoja na mibambakofi na miti mingine mikubwa. Tazama shina lake mahali gome lilipochanika. Utomvu hutoka hapo wa rangi ya manjano hafifu, ukateremka polepole na kuganda kwa matone, na ukitazama kwa makini huenda ukaona ndani ya tone mguu wa sisimizi aliyenaswa wiki hii.